Ile Kioo Yenye Ililia Mipira

Gari ya mujomba ilifika Kalemie juu ya bwato ya mizigo kutoka Kigoma, imefungwa plastike nyeupe, na watu wa bandari walizani ni frigo ya kugandisha samaki.

"Papa, hii frigo iko na magurudumu ya nini?" mumoja akauliza. "Samaki watakuwa wanatembea nayo matembezi?"

Papa, baba yangu, hakucheka. Alikuwa anazunguka gari, anapiga mipira teke, mumoja mumoja, vile alifanyaka ku malori miaka yote yenye aliendesha njia ya Pepa. Mupira yenye hewa inajibu mguu, alisemaka, na yenye haina hewa inanyamaza.

Haikuwa frigo. Ilikuwa kampinkari, gari yenye iko nyumba. Ndani kulikuwa kitanda, kajiko, kabeseni ya kunawa, na rido, pazia ya kijani yenye kutenganisha kiti ya shofere na pa kulala. Mujomba, kaka ya mama yangu, anaishi Ulaya. Alisema akipata pansion, malipo ya uzee, atarudi kuishi ndani yake, leo pembeni ya ziwa, kesho ku milima, bila kusumbuliwa na muntu. Wakati ile miye, binti ya nyumba, nilikuwa nimemaliza shule, diplome iko mu valizi, kazi hakuna, na kila asubui jirani fulani ananiuliza: "Na weye, mama mudogo, unangoja nini?" Sikuwa nangoja kitu. Nilikuwa nachoka tu. Basi gari ikawa kazi yangu: kuifagia, kufukuza watoto wenye walitaka kuonja kitanda, na kusoma ile kioo.

Kioo ilikuwa ndogo kama simu ya toshi, imebandikwa mbele ya shofere. Na ku mudomo ya kila mupira, pale watu wengine wanafungaka kakifuniko ka plastike, mujomba alifunga kifuniko kizito cheusi chenye mashine ndani. Kifuniko inapima hewa, inatuma habari ku kioo, na kioo inaonyesha namba ine, moja kwa kila mupira. Hewa ikishuka sana, kioo inalia. Ikipanda sana, inalia. Mujomba alitueleza yote mu simu kwa sauti ya mwalimu.

"Huku hakuna muntu anatembeza nyumba ya magurudumu bila hii. Gari ni nzito, mupira inaweza kufa polepole chini yako na haujui. Shemeji, unanisikia?"

"Nakusikia, shemeji," Papa akasema.

Kwado wa mtaa, ule mwenye kuziba mipira pale ku rond-point, alikuja kuitazama. Akainama, akagusa kifuniko na kidole moja kama muntu anagusa chungu ya moto. "Papa, hii kitu inanifukuza ku kazi. Mupira ikianza kujisemea yenyewe, miye nitasema nini?"

Hapo Papa alicheka.

Halafu Nkambo akagonjwa. Nkambo, mama ya mama yangu na ya mujomba, alikuwa anaishi kwetu tangu bwana yake alikufa. Ku hospitali walituambia tumurudishe nyumbani, tumupe chakula yenye anataka. Tulielewa. Yeye alielewa kabla yetu wote.

"Nyumbani ni wapi?" akauliza. "Hapa ni kwa mukwe wangu. Nyumbani ni Pepa."

Ukoo yake ni ya kule juu, ku Marungu, kwa watu wa ng'ombe. Na kwa ukoo yake kuko sheria moja yenye hata miye na diplome yangu sikuweza kubishana nayo. Muntu akikata pumzi njiani, haingii tena mu nyumba. Anawekwa inje, mu kiwanja, chini ya shiti ya plastike. Wanamulilia pale pale inje, na wanamuzika haraka, kama mugeni mwenye alianguka akipita. Mwenye aliingia mu kiwanja na pumzi yake, hata pumzi moja, analazwa ku kitanda yake, na wanawake wanakesha naye ndani.

"Sitaki kulala inje ya nyumba yenye nilizalia watoto," Nkambo akasema. "Munifikishe. Niingie ku mulango na pumzi yangu. Kiisha hapo, hata nikate mara moja, haina neno."

Kukaa ku lori hakuweza tena. Ku pikipiki, hata kufikiri. Gari yenye kitanda Kalemie nzima ilikuwa moja. Mujomba akasema mu simu: "Ni mama yangu. Mumupeleke. Lakini muangalie kioo."

Neno ngumu ilikuwa bukwe, heshima ya wakwe. Papa ni muntu wa ziwa, wa kaskazini, wazazi yake walikuja huku kuvua. Lakini alipooa kwa watu wa Marungu alikamata sheria ya bukwe kuliko wao wenyewe. Mukwe na mama-mukwe hawaangalianaki mu macho, hawalaki pamoja, hawasemezanaki. Miaka yote Nkambo aliishi kwetu, kabla ya kutoka mu chumba alikohoa kwanza, na Papa alipita nyuma ya jiko. Wakiwa na neno ya kuambizana, walituma mutoto. Mutoto alikuwa miye. "Mwambie mukwe wangu, paa inavuja." "Mwambie mama, nimesikia." Na kati yao kulikuwa ukuta ya miti tu, kila mumoja anasikia mwengine vizuri kabisa. Nilipokuwa mudogo nilizani ni muchezo. Nilipokua ikanikasirisha. Kwa nini miaka yote hii niwe simu?

Basi ile rido ya kijani, yenye Ulaya waliweka kwa ajili ya usingizi, kwetu ikawa ya heshima. Nkambo alipandishwa kwanza na Mama, rido ikafungwa, ndipo Papa akatoka nyuma ya jiko na kukamata usukani. Mama alikaa nyuma na mama yake. Miye nilikaa mbele, macho ku kioo, na kichwa yangu ikawa inapita mu rido, kwenda na kurudi.

Tulipoacha lami, mawe yakaanza, na Nkambo akaanza kulia maumivu. Si kwa nguvu. Kila jiwe, "ah". Kila shimo, "ah, mama". Papa alikuwa anaendesha kama muntu mwenye kubeba mayai, na bado.

"Uliza kama mama anaweza kuvumilia," aliniambia.

Nikapitisha kichwa. Nkambo akajibu kabla sijafungua mudomo: "Mwambie mukwe wangu asante. Lakini mwambie hii njia yake iko na meno."

Saa ya jua kali kioo ikalia mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ndefu, nyembamba, inapanda na kushuka. Namba zote ine zilikuwa nyekundu.

"Inasema hewa ni mingi," nikasema. "Mipira yote."

Papa akasimamisha gari. Akaweka mukono ku mupira, akautoa mbio. Mipira ilikuwa moto kama sahani ya jiko. Akatafuta kijiti, akafungua kifuniko moja moja, akabonyeza, hewa ikatoka ikipiga mluzi, akakirudisha, mpaka kioo ikanyamaza. Tukaondoka. Na hapo kitu ikabadilika: Nkambo hakusema tena "ah". Gari ilikuwa inakanyaga mawe kama inakanyaga magodoro. Kiisha kidogo tukasikia anakoroma.

Papa alisikiliza ile kukoroma kwa muda mrefu. Halafu akasimama tena, kioo haijalia, akashuka na kijiti yake.

"Papa, kioo haijasema kitu."

"Najua. Miye njo nasema."

"Lakini mujomba alieleza kama..."

"Mujomba yako iko Ulaya." Akabonyeza, hewa ikatoka. Akasema bila kuniangalia: "Yule mama, siwezi kumubeba. Siwezi kumuuliza inamuuma wapi. Acha basi nimulainishie njia."

Tulilala ku kijiji moja chini ya milima, na asubui tukaanza kupanda.

Muntu wa Kalemie hajui baridi. Pale juu pumzi inatoka ku mudomo kama moshi, na vyuma vya gari vinauma vidole. Hatukuenda mbali, kioo ikaanza kulia tena. Nilisoma haraka: sasa hewa ilikuwa kidogo. Ile yenye tulitoa mu joto haikuwa bado shida. Lakini mu baridi hewa inajikunja, na ile yenye ilibaki haikutosha tena. Namba ya nyuma kushoto, chini ya kitanda ya Nkambo, ilikuwa chini kabisa.

Papa akachukua pompi ya mguu, akapompa mpaka jasho ikamutoka mu baridi ile ile. Kioo ikanyamaza. Tukaendesha labda mupaka kona ya kwanza. Nkambo akapiga kelele yenye sijawahi kusikia ku mudomo yake, kelele ya mutoto. Papa akafunga breki kama amegonga muntu. Akashuka. Nikasikia hewa inatoka. Akarudi, tukaondoka, Nkambo akatulia. Na kioo ikaanza upya.

Ililia, ililia. Nyuma ya rido Nkambo akauliza: "Nani analia?"

"Ni mashine ya mipira, Nkambo."

"Iko na sauti ya muntu." Akapumua. "Ya mwanamuke wa kilio. Inanililia miye?"

Mama akafungua rido kidogo, macho yake mekundu. "Zimeni hiyo kitu. Muntu iko muzima, munaanza tayari kumulilia?"

"Mama, inasema mupira ya nyuma hewa ni kidogo!"

"Na miye nasema mama yangu amebakia kidogo. Zima."

Kwetu hakuna muntu anaweza kulia karibu na mugonjwa. Ukimulilia kabla, unamufungulia njia ya kwenda. Hata watoto wanafukuzwa mbali na chumba. Na sisi tulikuwa tumeweka kilio mbele ya gari, tunatembea nayo. Papa aliangalia ku kioo ya juu, ile ya kuangalia nyuma, yenye haikuonyesha kitu ila rido. Kiisha akavuta kamba ya umeme ya kioo, ikatoka, mwangaza ikazima.

Kimya ile ilikuwa nzuri. Siwezi kusema uongo, wote tuliipenda.

Tukatokea juu, ku uwanda. Majani mafupi mupaka mwisho wa macho, na ng'ombe wametawanyika. Nkambo akamuomba Mama afungue kadirisha ka pembeni ya kitanda. Harufu ya mavi ya ng'ombe ikaingia na baridi.

"Ah," akasema, lakini hii ilikuwa "ah" ingine. "Ninyi watu wa ziwa hamujui kitu nzuri. Wapi muke mwenzangu?"

Muke mwenzake ni miye, mujukuu yake, njo vile aliniitaka kwa muchezo. Nikapitisha kichwa.

"Ukitafuta bwana, usikamate muntu wa ziwa. Wananuka samaki mupaka siku ya kufa."

Mama akafunika mudomo. Mbele, mabega ya Papa yakaanza kutikisika.

"Mwambie mukwe wangu sikusema yeye."

"Mwambie mama," Papa akajibu, macho ku njia, "leo nimeoga."

Nkambo akacheka. Kacheko kadogo, kavu, kakakatika na kukohoa. Ni mara ya mwisho nilisikia wanasemezana, na kama kawaida neno ilipita ku kichwa yangu.

Mupira ilipasuka karibu na Pepa. Hatukuwa mbali tena. Papa alijua ile mashamba, alijua hata ule muteremko wenye mawe makali. Kishindo, halafu nyuma ya gari ikaanguka upande moja, na Nkambo akalia. Papa akapigana na usukani, gari ikapanda juu ya mawe mengine na ikasimama.

Tulishuka. Mupira ya nyuma kushoto ilikuwa imefunguka ku mbavu, urefu ya mukono. Mupira laini inapofinywa ku jiwe, jiwe linakata pembeni, pale mupira iko na ngozi nyembamba. Tulikuwa na mupira moja ya akiba. Papa akazunguka upande ingine, akainama, akabaki ameinama. Ya kulia pia ilikuwa imekatwa, inapiga mluzi polepole.

Hakuna muntu alisema neno ya kioo. Mama alinitazama vile wanatazamaka muntu kabla ya kumupiga. Lakini sikuwa nafikiri kusema. Nilikuwa nafikiri moja tu: pumzi ngapi zimebaki.

Simu haikupata reseau. Muchungaji moja alikuja na ng'ombe zake, kijana mwenye koti kubwa ya askari. Alipoelezwa ni mama wa nani, akavua kofia.

"Nyumba yao iko nyuma ya ile miti," akasema. "Kwa miguu munafika jua ikiwa bado. Kungoja mupira, mutalala hapa."

"Hatalala hapa," Mama akasema.

Muchungaji akakata miti miwili, tukafunga mablanketi kati yake, ikawa tipoyi. Inataka watu wane, kila mumoja ku ncha yake. Muchungaji, Mama, miye. Tukatazamana. Hapakuwa na muntu mwengine ila Papa, mwenye alikuwa amesimama mbali, mugongo kwetu, anaangalia ng'ombe.

"Haiwezekani," Mama akasema. "Mukwe hamubebi mama-mukwe. Atamuona uso."

"Basi tumuache?" nikasema kwa nguvu. "Tumuache njiani kwa sababu ya uso?"

"Weye, sauti!"

Nikaenda kwa Nkambo. Midomo yake ilikuwa myeupe. Nikamwambia kuko watu watatu na wa ine ni Papa. Akafunga macho, nikazani amelala.

"Munifunike uso na kitenge," akasema. "Asinione, nisimuone. Bukwe haijavunjika."

Mama hakupenda. Ule wanamufunika uso, sote tunajua ni nani. Lakini mwenye mwili njo alisema, na jua ilikuwa inaenda. Tukamufunika. Mama na muchungaji walikamata mbele, upande ya miguu. Papa na miye tulikamata nyuma, yeye kushoto, miye kulia, kichwa ya Nkambo kati yetu, chini ya kitenge.

Upepo ya kule haikamatiki. Ilikuwa inapiga kitenge, inaipandisha na kuishusha, na kila mara nilisema moyoni: ni pumzi. Nikawa naangalia ile nguo tu. Nilijikwaa, Papa akasema "Polepole", nikakasirika, nikasema "Tuende mbio!" Mwendo yote Mama alikuwa anaita mbele bila kugeuka: "Mama, tunafika. Mama, naona miti. Mama, naona paa." Nkambo alijibu mara ya kwanza, "Ee." Mara zingine sikusikia. Labda alijibu. Upepo ilikuwa mingi.

Mama mukubwa, dada ya Mama mwenye alibakia Pepa na nyumba, alitukuta pale kiwanja inaanzia. Mulango ilikuwa wazi nyuma yake, niliona hata kitanda, shuka imetandikwa. Akanyoosha mukono, tusimame. Akafunua kitenge.

Akaweka kiganja ku mudomo ya mama yake. Akaweka shavu. Akabakia vile.

"Iko na joto bado," akasema. "Lakini pumzi haiko. Amekatia pumzi wapi?"

Hakuna muntu alijua. Tulimufunika uso juu ya heshima, na hakuna hata mumoja wetu alimuona akienda.

"Nauliza. Amekatia njiani, ao hapa ku kiwanja?"

Njo hapo Papa aliongea. Papa, mwenye hakuongeaka mbele ya wanawake wa bukwe, akasema akiangalia chini:

"Alikuwa na pumzi tukiingia kiwanja. Alinisemesha."

Mama mukubwa akamugeukia polepole.

"Nani alikusemesha?"

"Mama."

"Mama-mukwe alikusemesha, weye, mukwe, bila kutuma muntu? Alikwambia nini?"

Papa akafuta mikono yake ku suruali.

"Basi unasema uongo, ao unamuvua mama yetu heshima siku ya kufa kwake. Chagua moja, nitaikubali."

Alinigeukia miye. "Na weye ulikuwa pembeni. Ulisikia?"

Miaka yote nilikuwa nabeba maneno yao. Mara hii hakuna mwenye alinipa neno ya kubeba. Nilitaka kusema ndiyo. Nilimuangalia Papa anisaidie, hakuinua macho. Nikasema: "Upepo ilikuwa mingi, Mama mukubwa."

Akatikisa kichwa. Hakuwa mubaya. Alikuwa analia tayari, machozi yanapita tu bila sauti, lakini sheria ilikuwa ya wote na yeye njo alikuwa anaichunga. Akaita vijana, wakaleta shiti ya bulu, wakaifunga ku miti ya ua. Nkambo akawekwa pale, juu ya mukeka, miguu inaangalia mulango.

Papa alirudi ku gari na muchungaji, akisema anaenda kuilinda. Nikamufuata mupaka mwisho ya kiwanja.

"Papa, ni kweli alikusemesha?"

Aliendelea kutembea. "Rudi kwa mama yako," akasema.

Sijamuuliza tena. Tunaishi nyumba moja, tunakula pamoja, na hakuna tena ukuta ya kutumana maneno. Lakini swali ile inakaa kati yetu, na hatuna mutoto wa kuituma.

Siku ile nilirudi. Wanawake walikuwa wanafika, wanaketi chini mu baridi, wanaanza kilio. Mama hakulia. Aliinuka, akapita mulango peke yake, akakaa ndani kidogo. Alitoka na shuka ya kile kitanda, akaikunja mara mbili, akamufunika mama yake miguu.